Nani Alikohoa?

Kifua kikuu hakina shahidi. Vijidudu vyake hutoka kwa anayekohoa, vikaelea katika chumba kisicho na upepo kwa saa kadhaa hata baada ya mwenyewe kuondoka. Anayevivuta huenda asiugue maisha yake yote, huenda akaugua baada ya miezi, au ikapita miaka. Kwa daktari hilo halina utata, atakupima makohozi na kukuanzishia dawa. Kwa wakili anayeidai serikali fidia kwa niaba ya mfungwa, hapo ndipo kesi inapoweza kufia, maana mteja wake ataulizwa swali ambalo hana jibu lake: nani alikohoa?

Dudley Lee aliulizwa swali hilo na karibu limzamishe.

Lee alikamatwa Novemba 1999 jijini Cape Town, Afrika Kusini, akapelekwa gereza la Pollsmoor kusubiri kesi yenye mashtaka ya ulaghai na utakatishaji fedha. Ukiondoa kipindi kifupi cha dhamana, alikaa mahabusu hadi Septemba 2004, mahakama ilipomwona hana hatia, akaachiwa. Karibu miaka mitano ya kufungiwa bila kutiwa hatiani kwa lolote. Na katikati ya muda huo, mwaka 2003, alikohoa, akadhoofika, akapimwa, akakutwa na kifua kikuu. Alipotoka alimshtaki waziri mwenye dhamana ya magereza.

Pollsmoor iko Tokai, kusini mwa jiji, chini ya milima, karibu na mashamba ya mizabibu na nyumba za watu wenye uwezo. Wasomaji wengi wa huku kwetu wamelisikia jina hilo kwa sababu ya mtu mwingine. Nelson Mandela alihamishiwa hapo kutoka kisiwa cha Robben mwaka 1982. Mwaka 1988 naye akaanza kukohoa. Alipelekwa hospitali ya Tygerberg, akatolewa maji kwenye pafu, akaambiwa ana kifua kikuu na kwamba kimegunduliwa mapema. Baadaye alihamishiwa kwenye kliniki binafsi, na Desemba ya mwaka huo akapelekwa gereza la Victor Verster, akapewa nyumba ya kuishi yenye bwawa la kuogelea.

Serikali ya makaburu ilijua kwamba Mandela akifia mikononi mwake dunia nzima itaiuliza, kwa hiyo kikohozi cha mfungwa mmoja kiliwafikia madaktari bingwa bila kuchelewa. Uwezo wa kuugundua ugonjwa wa mfungwa wa Pollsmoor ulikuwepo tangu wakati huo, kwa mtu ambaye kifo chake kingekuwa na gharama. Miaka 15 baadaye, chini ya katiba mpya inayosifiwa kila pembe, mahabusu wa kawaida katika gereza hilohilo hakuwa na gharama yoyote.

Ushahidi uliotolewa mahakamani kuhusu hali ya gereza la ulinzi mkali la Pollsmoor hauhitaji kutiwa chumvi. Watu zaidi ya 3,000 waliwekwa mahali palipojengwa kwa idadi inayokaribia nusu ya hiyo. Seli ya mtu mmoja ililaza watatu. Seli za pamoja zilipangwa vitanda vya ghorofa mbili, vingine tatu, na wakaaji wake walifungiwa humo hadi saa 23 kwa siku. Hewa ya kupumua ilikuwa ileile, ikizunguka kutoka kifua hadi kifua usiku kucha.

Halafu kulikuwa na karandinga. Mahabusu, tofauti na mfungwa aliyehukumiwa, hatulii mahali pamoja. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena, na kila mara anapakiwa garini kwenda mahakamani na kurudishwa jioni. Lee alikwenda mahakamani mara zipatazo 70. Kila safari ilikuwa na hatua zake: kusubiri kwa pamoja kabla ya kuondoka, kubanana ndani ya gari, kushushwa kwenye seli za chini ya mahakama pamoja na watu wa sehemu nyingine za gereza, kusubiri kuitwa, kisha kurudi vilevile. Aliyemkoholea asubuhi hakuwa aliyemkoholea jioni. Ukimtaka mtu aliyepita katika hali hiyo ataje nani alimwambukiza, unamfanyia mzaha.

Gereza lilikuwa na maelekezo yake lenyewe kwenye karatasi. Kila anayeingia achunguzwe afya. Mwenye dalili atengwe mpaka ijulikane ana nini. Aliyekutwa na ugonjwa asimamiwe anapomeza dawa zake mpaka amalize. Lakini wauguzi hawakutosha, na maombi yao ya kuongezewa watu hayakusikilizwa. Uongozi ulijua kwamba kifua kikuu kimo ndani na kinaenea. Aliyepitiwa bila kuchunguzwa pale mapokezi aliingia seli na kikohozi chake.

Uchunguzi wenyewe si jambo kubwa. Mtu anaulizwa: umekohoa zaidi ya wiki mbili? Unatokwa jasho usiku? Umepungua uzito? Una homa? Akijibu ndiyo, anapewa kikopo, anatolewa nje au kwenye hewa safi, anaambiwa avute pumzi ndani kabisa na kukohoa kutoka kifuani, si mate ya mdomoni. Kikopo kinafungwa na kuandikwa jina. Zama za Lee makohozi yalipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mashine ya GeneXpert, ambayo inatoa jibu kwa takriban saa mbili. Ukweli wa kitabibu unaolipa zoezi hili uzito ni huu: mgonjwa akishaanza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuwaambukiza wengine hushuka haraka, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Anayeambukiza sana ni yule ambaye bado hajajulikana.

Mwaka 2011 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha hesabu waliyoifanya kwa kutumia kumbukumbu za kesi hii ya Lee: msongamano, saa za kufungiwa, hewa, kasi ya kuwagundua wagonjwa. Walipata kwamba katika mazingira yale, uwezekano wa mtu kuvuta maambukizi ndani ya mwaka mmoja ulifikia asilimia 90. Kufuata kiwango cha nafasi ambacho serikali yenyewe ilikuwa imekiweka kungepunguza hatari kwa asilimia 30; kufuata kiwango cha kimataifa, kwa asilimia 50. Kufungua madirisha zaidi peke yake, au kupunguza saa za kufungiwa peke yake, kungesaidia kidogo tu. Kilichopunguza hatari kwa kishindo katika hesabu zao ni kuwapa watu nafasi huku ukiwatafuta wagonjwa, bila kungoja waje wenyewe kulalamika.

Kesi ilianzia Mahakama Kuu ya Western Cape, na mwaka 2011 Lee akashinda. Mahakama iliona kwamba wasimamizi wa gereza walizembea na uzembe huo ndio uliomletea ugonjwa. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Rufaa, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Robert Nugent, ikaitengua.

Hukumu ya Nugent inafaa kusomwa kwa heshima hata na asiyekubaliana nayo, kwa kuwa haikumfunika mtu maovu yake. Alikubali kwamba gereza lilikuwa na wajibu, kwamba lilishindwa, na kwamba Lee aliupatia ugonjwa humo ndani. Alipokwamia ni kwenye kiungo cha mwisho. Sheria ya madai hutumia kipimo ambacho mwanafunzi wa sheria hukutana nacho mwaka wa kwanza: je, kama mdaiwa asingezembea, dhara lingetokea? Likiwa lingetokea vilevile, mdaiwa ameponea. Sasa, hata gereza lenye utaratibu mzuri haliwezi kukizuia kifua kikuu kwa asilimia mia. Mgonjwa atakaa siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana. Mwingine ataficha. Kwa kuwa Lee hakujua aliambukizwa na nani, hakuweza kuonyesha kwamba mtu huyo angegunduliwa na kutengwa kama kazi ingefanyika ipasavyo. Huenda alikuwa mmoja wa wale ambao wangepenya hata kwenye utaratibu bora. Na mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai.

Hoja hii inaonekana imenyooka mpaka uitazame kwa upande wa pili. Kwa nini Lee hakujua aliambukizwa na nani? Kwa sababu gereza halikupima. Lingepima, kungekuwa na daftari: fulani aliingia tarehe hii, makohozi yake yalikuwa hivi, alilala seli ile, alipanda gari lile. Uzembe uleule uliomwambukiza ndio uliofuta alama za nyayo. Ukiifuata hoja ya rufaa hadi mwisho wake, gereza linalopima nusunusu laweza kunaswa kwa kumbukumbu zake lenyewe, lakini lisilopima kabisa liko salama. Kadiri unavyozembea zaidi ndivyo unavyozidi kuwa mgumu kushitakika. Sijui sheria gani yenye akili inayotaka kumpa mdaiwa zawadi ya namna hiyo, ingawa nakiri kwamba mahakama nyingi duniani, kwa nia njema kabisa, zimekuwa zikiitoa.

Lee akaenda Mahakama ya Katiba. Wakati huo kesi ilikuwa imevuka mambo ya mtu mmoja. Taasisi za kiraia ziliomba kusikilizwa kama marafiki wa mahakama, miongoni mwao Treatment Action Campaign, chama ambacho tayari kilikuwa kimeibana serikali mahakamani kuhusu dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Tarehe 11 Desemba 2012 hukumu ikasomwa. Majaji watano walikuwa upande wa Lee, wanne hawakuwa.

Jaji Bess Nkabinde, aliyewaandikia walio wengi, alisema kipimo cha "kama asingezembea" hakikuwahi kuwa pingu. Mahakama inaruhusiwa kutumia akili ya kawaida juu ya ushahidi ulio mbele yake. Mtu yuko chini ya mamlaka kamili ya gereza. Hachagui chumba, wala jirani, wala gari la kupanda. Gereza linajua hatari. Halichukui hatua ambazo limejiandikia lenyewe. Hatari inaongezeka, mtu anaugua kitu kilekile ambacho hatua hizo zilikusudiwa kukizuia. Hapo yatosha kusema kwamba, kwa uwezekano mkubwa, uzembe ndio ulioleta ugonjwa. Si lazima mdai abuni gereza la kufikirika lenye utaratibu bora na kuthibitisha kwamba humo asingeugua. Suala la kiasi cha fidia likarudishwa Mahakama Kuu.

Upande wa wanne uliandikiwa na Jaji Edwin Cameron, na yeyote anayemjua angeshangaa. Cameron alikuwa jaji aliyetangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya Ukimwi, mtu aliyetumia miaka mingi kutetea wagonjwa. Hakuwa akimtetea waziri. Alisema kwa kipimo kilichopo Lee ameshindwa, tusijidanganye kwa kukivuta kipimo kiseme kisichokisema. Njia ya kweli ni kukiri kwamba sheria ya zamani ina pengo, kuiendeleza waziwazi, kisha kurudisha kesi isikilizwe upya. Wasomi wa sheria wa Afrika Kusini waliikosoa vikali hukumu ya walio wengi kwa sababu zinazokaribiana na hizo. Nikiwa mtu wa kalamu tu na si wakili, naona Cameron alikuwa sahihi kuhusu mantiki na Nkabinde alikuwa sahihi kuhusu haki, na Lee alikuwa amesubiri miaka minane tangu atoke.

Sheria ya Marekani imelifikia jambo hili kwa mlango mwingine. Huko mfungwa anayedai kwa msingi wa katiba hajadili uzembe wa kawaida. Tangu kesi ya Estelle dhidi ya Gamble ya mwaka 1976, inambidi aonyeshe kwamba wahusika walijua shida yake kubwa ya kiafya na wakaipuuza kwa makusudi. Ni kizingiti kirefu. Lakini mwaka 1993, katika kesi ya Helling dhidi ya McKinney, Mahakama ya Juu ilifungua dirisha la maana. Mfungwa wa Nevada alikuwa amewekwa chumba kimoja na mtu anayevuta pakiti tano za sigara kwa siku. Hakuwa ameugua. Alidai kwamba moshi ule utamletea madhara baadaye, na mahakama ikakubali kwamba hatari ya kesho nayo inaweza kudaiwa leo. Mtu halazimiki kungoja ugonjwa umwingie ndipo aruhusiwe kulalamika. Kwa njia hiyo swali la nani alikohoa halina pa kusimama, kwa kuwa bado hajaambukizwa mtu.

Marekani hiyohiyo ilitoa pia kioja kuhusu uchunguzi wa afya wenyewe. Mwaka 1991 kifua kikuu sugu kiliua wafungwa kadhaa na askari mmoja katika magereza ya jimbo la New York. Jimbo likashtuka na kuweka amri: kila mfungwa apimwe kwa sindano ya ngozini. Atakayekataa afungiwe peke yake. Mrastafari mmoja alikataa kwa sababu za dini yake, akikubali vipimo vingine. Alifungiwa chumbani zaidi ya miaka mitatu na nusu, akitolewa kwa dakika kumi kwa wiki kwenda kuoga. Kesi yake, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 1996, iliweka wazi mambo ambayo amri ile haikuyafikiria. Kipimo cha ngozi kinaonyesha kama mtu aliwahi kuvuta vijidudu, hakionyeshi kama anaambukiza sasa. Chumba alichofungiwa hakikuwa na mfumo wa kuzuia hewa kutoka. Na wale waliopimwa, wakakutwa na maambukizi yaliyolala, kisha wakakataa dawa, waliachwa wachangamane na wenzao bila shida. Aliyefungiwa ni yule aliyekataa kutii tu. Mahakama ikaamuru atolewe.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki kesi inayokaribia haya ilitoka Kapsabet, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, na ilianza kinyumenyume. Agosti 2010 ofisa wa afya ya umma aliwapeleka mahakamani wagonjwa waliokatiza dawa za kifua kikuu. Hakimu, akitumia kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, aliamuru wafungwe katika gereza la Kapsabet kwa miezi minane, au mpaka matibabu yao yaridhishe. Hawakuwa wahalifu. Waliwekwa gerezani ili wapone, katika nyumba yenye msongamano, wakichangamana na wafungwa wengine. Serikali iliyokuwa ikiogopa wasiwaambukize majirani zao kijijini iliwapeleka kulala na watu wasio na pa kukimbilia.

Walitolewa baada ya siku 46, kwa amri ya Mahakama Kuu. Wawili kati yao, wakisaidiwa na shirika la KELIN linaloshughulikia sheria na afya, walifungua shauri la kikatiba jijini Nairobi, na tarehe 24 Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akatoa uamuzi. Kifungu cha 27 kinaruhusu mgonjwa kutengwa mahali panapofaa, alisema, hakisemi gereza. Kumfunga mgonjwa wa kifua kikuu jela ni kuvunja katiba. Wizara iliagizwa kuandaa, ndani ya siku 90, mwongozo wa namna ya kuwatenga wagonjwa wa aina hiyo kwa kuzingatia haki zao.

Kuna kesi nyingine za kusini ambazo nazitaja kwa haraka kwa kuwa zinahusu matibabu zaidi kuliko maambukizi. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Botswana iliiamuru serikali iwape wafungwa wa kigeni dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo, kama inavyowapa raia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Zambia iliwapa ushindi wafungwa wa Lusaka wanaoishi na virusi waliolalamikia chakula duni na msongamano. Malawi ilishatangulia mwaka 2009 kwa hukumu iliyoitaka serikali ipunguze msongamano magerezani. Ukiziweka pamoja unaona mahakama za ukanda huu haziogopi tena kugusa mambo ya ndani ya geti.

Turudi Pollsmoor. Aprili 2015, zaidi ya miaka miwili baada ya hukumu ya Lee, jaji wa Mahakama ya Katiba alikwenda kuikagua, kama majaji wa mahakama hiyo wanavyofanya mara kwa mara. Jaji mwenyewe alikuwa Edwin Cameron. Ripoti aliyoiandika ilieleza msongamano uliopita kiasi katika sehemu ya mahabusu, vyoo visivyotosha, mashuka yenye chawa, mende, vidonda na upele uliosambaa kwa wakaaji. Waliofungwa humo, kama Lee, wengi walikuwa hawajahukumiwa.

Miezi michache baadaye panya wakamalizia hoja. Ugonjwa wa leptospirosisi, unaoenezwa na mkojo wa panya, uliua mahabusu wawili, na maelfu ya waliofungiwa wakahamishwa kwa muda ili jengo lisafishwe na kupigwa dawa. (Msomaji wa Morogoro ataniruhusu nikumbushe kwamba panya buku wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamefundishwa kwa miaka mingi kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Si kila mahali panya ni adui wa wagonjwa.)

Shirika la Sonke Gender Justice liliishitaki serikali kuhusu hali ya mahabusu wa Pollsmoor, likiitumia ripoti ya Cameron. Desemba 2016 Jaji Vincent Saldanha wa Mahakama Kuu ya Western Cape aliamuru idadi ipunguzwe hadi isizidi asilimia 150 ya uwezo wa jengo, ndani ya miezi sita. Hiyo asilimia 150 ina maana kwamba mahakama, katika ushindi wa wafungwa, iliruhusu watu watatu walale penye nafasi ya wawili. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo, katika kesi maarufu ya Brown dhidi ya Plata ya mwaka 2011, ilikubali magereza ya California yajae hadi asilimia 137.5, baada ya kuelezwa kwamba mfungwa mmoja alikuwa akifa kila siku sita au saba kwa sababu ambazo matibabu yangeziepusha. Majaji wanajua hawana magereza mapya mfukoni. Wanakata wanapoweza kukata.

Amri ya kupunguza idadi ina ubora mmoja ambao fidia haina: haingoji mtu augue. Lakini fidia nayo ina yake. Waziri wa fedha anaposikia kwamba kila kikohozi gerezani kinaweza kugeuka madai, bei ya muuguzi wa ziada pale mapokezi inaanza kuonekana nafuu. Nadhani zote mbili zinahitajika, na kama ningelazimishwa kuchagua moja ningechagua fidia, kwa sababu amri inahitaji mtu wa kuifuatilia kila mwezi, na mwenye subira hiyo ni nadra.

Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha upya kanuni za chini kabisa za kuwahudumia wafungwa na kuzipa jina la Nelson Mandela. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate huduma ya afya yenye kiwango sawa na raia aliye nje. Kanuni ya 30 inataka kila anayeingia aonwe, azungumzwe naye na apimwe na mtaalamu wa afya mapema iwezekanavyo, na anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza atengwe na atibiwe kwa kipindi cha maambukizi. Mwenye jina hilo alipimwa mapema alipokuwa mfungwa wa Pollsmoor na akaishi miaka 25 zaidi.

Kanuni hizo si sheria inayoibana Dodoma, Nairobi wala Kampala moja kwa moja, na hukumu ya Lee pia haizibani. Afrika Kusini inafuata mapokeo ya Kiroma na Kiholanzi katika madai ya madhara, sisi tunafuata ya Kiingereza. Hata hivyo majaji wetu hunukuu hukumu za kusini pale zinapowafaa, na kipimo cha "kama asingezembea" ni kilekile. Wakili wa hapa atakayeleta madai kama ya Lee ataanza kwa kuomba mahakama iamuru gereza litoe daftari la zahanati: majina ya walioingia mwezi ule, nani aliulizwa kuhusu kikohozi, nani alipelekwa maabara, majibu yalirudi lini, mgonjwa alihamishiwa wapi. Serikali ikilileta limejazwa vizuri, mteja wake huenda akashindwa, na atakuwa ameshindwa kwa haki. Ikija na kurasa tupu, au ikaja kusema daftari halikuwahi kuwepo, wakili atamwomba jaji azipokee kurasa hizo kama ushahidi dhidi ya aliyepaswa kuziandika, na hukumu ya Nkabinde itampa pa kuanzia.